Simba wa Barafu: Historia ya Timu Isiyokuwa na Mpinzani

Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitazama upande wa kaskazini akiwa Kitui, akaona vilele vyeupe vikichomoza juu ya mawingu. Habari hiyo ilipofika Ulaya, mabingwa wa jiografia waliikataa. Walisema theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta, na kwamba mtu huyo alikuwa ameona miamba inayong'aa juani. Waembu na Wameru hawakuwa na haja ya kubishana na mtu. Mlima Kenya, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru Kirimaara, walikuwa wakiuona tangu utoto wao, kila asubuhi anga ilipotakata.

Baada ya miaka karibu 170, Wakanada walitazama filamu fupi ya tangazo la biashara wakashangaa kwa namna ile ile: kumbe kuna Wakenya wanaocheza hoki ya barafu! Mshangao huo uliivisha timu ya Kenya Ice Lions umaarufu wa ghafla. Lakini uliwafanya pia wengi waione timu hiyo kama kioja kilichozuka siku moja, ilhali ina historia yake, yenye sababu zake. Kiini cha historia hiyo ni sakafu moja ya barafu jijini Nairobi. Kila mara sakafu ile ilipofunguliwa, ilipofungwa au ilipoonekana kuwa ndogo, maisha ya timu yaligeuka.

Barafu ya juu

Kwa muda mrefu barafu pekee iliyokuwa Kenya ni ile ya mlimani. Mwingereza Halford Mackinder na wenzake walipofika kilele cha Batian, mita 5,199, Septemba 1899, mlima ulikuwa na miamba mikubwa ya barafu 18. Wapandaji waliofuata waliipa sehemu za juu majina ya kwao, na mpaka leo ramani zinaonyesha kidimbwi karibu na barafu ya Lewis kiitwacho Curling Pond, kwa jina la mchezo wa Waskoti wa kuserereshea mawe juu ya maji yaliyoganda. Hivyo jina la mchezo wa barafu lilikuwa limeandikwa kwenye mlima wetu kabla ya Kenya kupata uwanja hata mmoja wa mchezo wa aina hiyo.

Barafu ile haikufaa kuwa uwanja wa michezo. Iko mbali, kwenye hewa nyepesi, na inaisha. Watafiti waliopima barafu ya Lewis, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote na imepimwa mara nyingi zaidi, walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu zote za Afrika zilizomo katika maeneo ya urithi wa dunia, za Mlima Kenya na Kilimanjaro zikiwemo, huenda zikatoweka ifikapo 2050. 

Mchezo wa nchi za baridi

Hoki ya barafu yenyewe ni mchezo wa nchi ambako maziwa huganda kila mwaka. Mechi ya kwanza ya ndani ya ukumbi inayokumbukwa kwa tarehe yake ilichezwa Montreal, Kanada, tarehe 3 Machi 1875. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ilianzishwa 1917. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwa miongoni mwao, huteleza kwa viatu vyenye ubapa wa chuma wakigombania kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kasi yake haina mfano katika michezo mingi ya timu, na ndiyo maana mchezaji huvaa kofia ngumu, glovu nene na pedi mwili mzima. Vifaa hivyo ni ghali hata kwa mzazi wa Toronto.

Mara nyingi mchezo huu husimuliwa kana kwamba Waafrika waliukuta juzi. Sivyo. Mwaka 1895, katika eneo la Halifax, mkoa wa Nova Scotia, wazao wa watu waliokimbia utumwa Marekani waliunda ligi yao wenyewe ya hoki ya barafu chini ya makanisa ya Kibaptisti. Ligi hiyo ilianza miaka 22 kabla ya NHL. Hata hivyo, mlango wa NHL ulibaki umefungwa kwa weusi mpaka tarehe 18 Januari 1958, Willie O'Ree alipoingia uwanjani Montreal akiwa na jezi ya Boston Bruins.

Na Afrika Mashariki ina mtu wake katika kumbukumbu za ligi hiyo. Chris Nielsen, aliyeichezea Columbus Blue Jackets mwanzoni mwa miaka ya 2000, alizaliwa Moshi, Tanzania, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1980. Alilelewa Kanada na mchezo aliujulia huko, lakini mahali pa kuzaliwa hapafutiki.

Magongo kabla ya barafu

Kenya ilikuwa taifa la magongo zamani. Mpira wa magongo wa nyasi, ulioendelezwa hasa na Wakenya wenye asili ya Kihindi, Masingasinga wakiwa mbele, uliifikisha nchi kwenye Olimpiki ya Melbourne 1956, na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Avtar Singh Sohal, aliyekuwa nahodha, alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960. Baadaye familia nyingi za Kihindi zilihamia Uingereza na Kanada, na nguvu ya timu ya taifa ikapungua. Mara ya mwisho ilicheza Olimpiki mwaka 1988. Mchezo wenyewe haukufa. Hoki ingali miongoni mwa michezo ya muhula wa kwanza katika shule za sekondari, Meru na Embu zikiwemo, na mwanafunzi aliyewahi kuinamia gongo kwenye uwanja wa vumbi ana nusu ya elimu ambayo hoki ya barafu inaidai.

Nusu ya pili ni kuteleza. Hapo Kenya ilitanguliwa na mtu mmoja. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa na ndugu wa karibu wa Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alichukuliwa na mradi wa kampuni ya Nike mwaka 1996 akapelekwa Finland kujifunza kukimbia juu ya theluji kwa mbao za miguuni. Katika Olimpiki ya Nagano 1998 alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, dakika 20 hivi nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit alirudi Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Hata hivyo hakuacha mrithi wa kumfuata mara moja, na sababu ni nyepesi kuiona: theluji aliyofanyia mazoezi ilikuwa Finland. Aliporudi nyumbani, hapakuwa na mahali pa kumfundishia kijana mwingine.

2005: sakafu ya Barabara ya Mombasa

Mahali hapo palipatikana mwaka 2005, kwa njia ambayo hakuna mpangaji wa michezo aliyeifikiria. Hoteli ya Panari, iliyoko Barabara ya Mombasa njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ilifungua ukumbi wa barafu uitwao Solar Ice Rink. Ulitangazwa kuwa wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Lengo lilikuwa burudani: familia zije wikendi, watoto washikilie ukuta wa pembeni wakijifunza kusimama, wapenzi wapigwe picha. Kutoka hotelini hapo mtu anaweza kutazama Mbuga ya Nairobi, wanakoishi simba wa kweli.

Barafu ya ukumbini hutengenezwa hivi. Chini ya sakafu hulazwa mabomba yanayopitisha kioevu kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri. Maji hunyunyizwa juu yake tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiachwa ligande, mpaka upatikane unene wa sentimita chache. Kisha mashine za kupoza hufanya kazi bila kusita, mchana na usiku, wawepo wachezaji au wasiwepo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, uwanja unakuwa dimbwi.

Umeme huo una uhusiano na Embu kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Mto Rupingazi unaopita kando ya mji wa Embu humwaga maji yake Thiba, na Thiba huingia Tana kwenye bwawa la Kamburu. Kati ya 1968 na 1988, Tana ilijengewa mabwawa matano mfululizo kwenye mipaka ya Mbeere: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mito ya Meru, kama Kathita na Mutonga, huingia Tana chini zaidi, baada ya mitambo hiyo. Leo jotoardhi ya Olkaria imechukua sehemu kubwa ya gridi ya taifa, lakini maji ya mlima wenye barafu inayoisha bado yamo katika umeme unaogandisha barafu ya Nairobi.

Wa kwanza kuutumia ukumbi ule kwa hoki walikuwa wageni: Wakanada na Wamarekani waliokuwa Nairobi kwa kazi za ubalozi, mashirika na biashara. Walikuwa na viatu na magongo waliyokuja nayo, na kiu ya mchezo wa kwao. Walichokosa ni watu wa kutosha. Wafanyakazi wa kigeni huja kwa mkataba na kuondoka, kwa hiyo kikosi kilichojengwa mwaka huu kilikuwa kimesambaratika mwaka ujao. Haja hiyo ya wachezaji ilichangia kuwafungulia Wakenya mlango. Si haki kuifanya hadithi ya ukarimu peke yake, wala si haki kuwanyima wale wageni sifa yao, kwa sababu waliwafundisha waliowakuta kwa moyo, bila malipo, wakawaachia vifaa vyao walipoondoka.

Vijana wa magurudumu

Hapa ndipo historia hii ina utajiri wake, na hapa ndipo watangazaji wa habari hupita haraka mno.

Vijana waliokuja kuwa uti wa mgongo wa Ice Lions hawakutoka kwenye umati uliokuwa ukishikilia ukuta wa ukumbi. Wengi wao walikuwa tayari wanateleza kwa viatu vya magurudumu kwenye lami ya Nairobi, katika viwanja vya kuegesha magari na barabara zilizo tulivu siku za Jumapili. Walikuwa wamejifunza kuegemea upande mmoja ili kukata kona, kusimama ghafla, kurudi kinyumenyume, na zaidi ya yote kuanguka bila kuvunjika. Mtu mwenye elimu hiyo akipewa kiatu cha barafu huhitaji siku chache kuzoea. Asiyekuwa nayo huhitaji miezi. Benard Azegere, aliyekuja kuwa nahodha, alitoka katika kundi hilo la magurudumu.

Magurudumu yalitatua pia swali la fedha. Barafu ya hoteli ni biashara. Kila saa ina bei, na timu isiyo na mfadhili haiwezi kuikodi kila siku. Lami ni bure. Huo ukawa ndio mtindo wa timu: mbinu zikifanyiwa mazoezi kwa magurudumu, barafu ikiingiwa pale inapopatikana. Raia wa Kanada Tim Colby, aliyekuwa kocha wao, aliwakuta vijana wenye miguu tayari; alichowapa ni nidhamu ya mchezo wenyewe: kupasiana, kujipanga, kumlinda kipa. Baadhi ya wachezaji wa mwanzo, kama Robert Opiyo, nao waligeuka walimu, na watoto wakaanza kufundishwa. Wasichana nao wakaingia.

Ukumbi wenyewe uliwabana. Uwanja unaokubalika kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30. Wa Panari ni mdogo kuliko hapo, kwa hiyo haiwezekani kujaza wachezaji wote wa pande mbili. Walicheza wachache wachache, kwa kasi, kila mtu akiwa karibu na ukuta. Mchezo wa namna hiyo hufunza mikono myepesi na uamuzi wa haraka, lakini haumfundishi mtu kukimbia uwanja mzima.

Vifaa navyo vilikuwa vya kugawana. Magongo, kofia na pedi vilitoka kwa waliokuwa wakiondoka nchini au kwa wasamaria wa Amerika Kaskazini, na havikumtosha kila mtu. Kiatu kikiwa kikubwa, soksi ziliongezwa.

Na hapakuwa na mpinzani. Hakukuwa na timu nyingine ya hoki ya barafu Kenya, wala Uganda, wala Tanzania. Ice Lions waligawana wakacheza wao kwa wao, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Mwanariadha yeyote anajua ugumu wa jambo hilo. Unamjua mwenzako kiasi kwamba unajua atageukia wapi kabla hajageuka, na hujui kama wewe ni hodari au ni hodari hapa tu.

2018: safari ya Toronto

Upweke huo ndio uliowavutia Wakanada. Tim Hortons ni mikahawa ya kahawa na donati iliyoanzishwa Hamilton, Ontario, mwaka 1964, ikabeba jina la mwanzilishi wake, aliyekuwa beki wa Toronto Maple Leafs. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliwalipia wachezaji wa Kenya nauli mpaka Kanada, ikawapa vifaa kamili, ikawatafutia mechi. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga uwanja wa ukubwa unaostahili, na kwa timu ilikuwa mara ya kwanza kukutana na wapinzani wenye jezi ya rangi nyingine.

Katika chumba cha kubadilishia nguo waliingia watu wawili ambao vijana hao walikuwa wamewaona kwenye skrini tu: Sidney Crosby, nahodha wa Pittsburgh Penguins, na Nathan MacKinnon wa Colorado Avalanche. Hawakuja kusalimia na kuondoka. Walivaa jezi ya Ice Lions wakaingia uwanjani kama wachezaji wa Kenya. Wote wawili ni wenyeji wa Cole Harbour, Nova Scotia, mwendo mfupi kutoka Halifax, kule kule ilikoanzishwa ligi ya weusi mwaka 1895. Watengenezaji wa tangazo hawakulisemea jambo hilo, lakini kwa anayeijua historia ya mchezo huu lina uzito wake.

Filamu ile ilitoka Oktoba 2018 kwa jina la The Away Game, ikazunguka dunia. Ni kweli ilikuwa tangazo la kuuza kahawa. Ni kweli pia kwamba ilileta vifaa ambavyo timu isingevipata kwa miaka mingi, na ilifanya watu wa Nairobi wenyewe wajue kwamba wana timu. Ila haikuwaanzisha. Crosby alipovaa jezi ile, kazi ya lami na ya ukumbi mdogo ilikuwa imekwisha kufanywa, na bila kazi hiyo pasingekuwa na wa kusafirishwa.

2020–2024: kufungwa na kutambuliwa

Jina lilipokuwa bado liko midomoni, Korona iliingia. Machi 2020 serikali ilifunga shule na sehemu za burudani, na ukumbi wa barafu ni sehemu ya burudani. Timu ya soka ikifungiwa uwanja, wachezaji huchezea uga wa nyuma ya nyumba. Mchezaji wa barafu hana uga wa nyuma. Kilichowaokoa Ice Lions kilikuwa kile kile kilichowaanzisha, magurudumu. Miguu haikusahau kuteleza, na barafu iliporudi ilikuta watu wake wapo.

Wakati huohuo kazi ya makaratasi iliendelea. Timu ya marafiki haiwezi kuingia mashindano ya mataifa. Lazima liwepo shirikisho, liwe na katiba na viongozi, na litambuliwe nchini kwanza. Ni kazi isiyo na picha za kuvutia, na vilabu vingi vya michezo midogo Kenya vimefia hapo. Septemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu liliikubali Kenya kuwa mwanachama mshiriki. Iliungana na Afrika Kusini, mwanachama tangu 1937, pamoja na Morocco, Algeria na Tunisia.

Uanachama huo ulibadilisha hadhi ya wachezaji, si mifuko yao. Hakuna anayelipwa mshahara wa hoki ya barafu Kenya. Wanafanya kazi nyingine au wanasoma, kisha jioni wanafunga viatu.

Uwanja bado mmoja

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza kujenga pale inapoona sababu. Uwanja wa Kinoru, Meru, ulikarabatiwa ukapokea sherehe za Madaraka mwaka 2018, mwaka ule ule Ice Lions walipokwenda Kanada. Zamu ya Uwanja wa Moi, Embu, ilifika 2023. Viwanja hivyo vimejengwa kwa ajili ya soka, riadha na gwaride. Ukumbi wa Panari, kwa upande mwingine, ni mali ya hoteli ya binafsi, na mchezo mzima wa taifa umeegemea uamuzi wa mwenye hoteli kuendelea kulipa bili ya umeme.

Kwa kijana wa Chogoria, Maua au Siakago, maana yake ni kwamba kuingia timu hii kunaanza na nauli ya matatu mpaka Nairobi, kilomita 125 hivi kutoka Embu na nyingi zaidi kutoka Meru, halafu kiingilio cha ukumbi, halafu kiatu cha kuazima. Ndiyo maana hoki ya barafu imebaki mchezo wa Nairobi. Lakini njia waliyopita Azegere na wenzake haikuanzia ukumbini. Ilianzia kwenye saruji laini na viatu vya magurudumu, na saruji ya namna hiyo ipo katika shule nyingi zenye uwanja wa mpira wa kikapu, kutoka Timau mpaka Kiritiri. Baadhi ya shule hizo zina magongo ya hoki tayari, na wanamichezo wanaojua kuyatumia.

Kwa sasa kikwazo kinapimwa kwa mita. Afrika Kusini hushiriki madaraja ya chini ya ubingwa wa dunia, na huko ndiko Kenya inakotazama. Mechi za ubingwa huo huchezwa kwenye viwanja vya ukubwa kamili, ambao Panari haina. Hivyo timu itaendelea kufanya mazoezi kwenye barafu ndogo ya Barabara ya Mombasa, na kila inapotaka mechi ya kweli italazimika kukata tiketi ya ndege.